Karani wa Benki na Timu ya Ajabu

Jumamosi alfajiri Kawangware, kabla makanga wa 46 hawajaanza kugombania abiria, kuna mtu anayepita vichochoroni akigonga milango ya mabati. Anamwamsha kipa, ambaye ni bawabu wa usiku kule Lavington na ndiyo kwanza avue sare.

"Koch, nimetoka job saa hii."

"Najua. Vaa njumu."

Mtu huyo amebeba gunia la jezi alizofua mkewe, mipira miwili ambayo mmoja unavuja upepo, na bahasha ya kaki yenye kadi za wachezaji, risiti ya ada ya ligi na hela za marefa. Vuka Barabara ya Ngong uingie Kibera, Makina au Laini Saba au Gatwekera, utamkuta mwenzake na bahasha kama hiyo. Vijana wanamwita kocha kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake inayoonekana. Lakini katibu wa klabu ni nani? Ni yeye. Mweka hazina je? Ni yeye. Nani huenda kituo cha polisi winga anapozolewa kwenye msako usiku wa kuamkia mechi? Nani huandika barua kwa mwalimu mkuu kuomba uwanja? Na siku hela za marefa zikikosekana, mechi isichezwe na mabao mawili waandikiwe wapinzani, ni nani hubeba lawama ya walkova? Hakuna haja ya kujibu.

Mashabiki huku kwetu huona jambo hilo kuwa dalili ya ufukara tu. Wanasema klabu kamili ina kocha wake uwanjani na maafisa wake ofisini, kila mtu na kiti chake. Mimi nadhani hadithi ina upande mwingine. Mojawapo ya timu tamu zaidi zilizowahi kutandaza soka duniani iliundwa na mtu wa bahasha ya kaki, karani wa benki ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa kukumbukwa. Jina lake ni Hugo Meisl.

Alizaliwa tarehe 16 Novemba 1881 katika kijiji cha Malešov, Bohemia, eneo ambalo leo liko Jamhuri ya Cheki lakini wakati huo lilikuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungary. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, nayo ilikuwa na uwezo. Hugo alihamia Vienna akiwa mvulana na huko akapatwa na kichaa cha mpira. Baba hakufurahi. Alimpeleka Trieste, mji wa bandari, akajifunze biashara, akitumaini kwamba harufu ya bahari na hesabu za shehena zitamsahaulisha mpira. Kijana akarudi bado anaupenda, tena sasa anazungumza Kiitaliano na lugha nyingine kadhaa. Alikubali kuajiriwa kwenye benki ili baba apumue. Jioni na wikendi akawa anafanya kazi katika shirikisho la mpira la Austria, ambako jukumu lake la mwanzo lilikuwa kutafuta pesa.

Nalisisitiza hilo la pesa kwa sababu wasifu wa makocha huandikwa kana kwamba walishuka uwanjani na mbinu zao kichwani. Meisl alichezea Vienna Cricket and Football Club, kisha akawa refa, na mwaka 1912 alipuliza filimbi kwenye Olimpiki ya Stockholm. Mwaka huohuo alikuwa ameanza kuisimamia timu ya taifa. Mchezaji wa kiasi, refa, mtafuta fedha, mwandishi wa barua: hizo ndizo njia alizopitia hadi kwenye benchi. Ukimleta mtu wa namna hiyo kwenye mkutano wa klabu Kibera, watamtambua mara moja. Watamkabidhi daftari kabla hajaketi.

Kitu cha kwanza kikubwa alichofanya kilikuwa kukubali kwamba hajui. Austria ilikuwa imetoka sare ya 1-1 na Hungary, mechi ambayo Meisl alitaraji kushinda. Refa alikuwa Mwingereza, James Howcroft, na Meisl akamwuliza bila haya timu yake inakosea wapi. Howcroft akamjibu kwamba anahitaji mwalimu hasa, akamtajia rafiki yake Jimmy Hogan, mzaliwa wa Lancashire aliyewahi kufundisha Uholanzi. Hogan aliitwa Vienna kwa majuma machache kabla ya Olimpiki. Mazoezi ya siku za kwanza yalikuwa vurugu. Wachezaji hawakumwelewa, naye aliona kwamba hawajui hata misingi. Meisl hakumfukuza. Walikaa, wakazungumza, wakabadilisha namna ya kufundisha: pasi fupi za chini, mpira utulizwe kabla ya kutolewa, mchezaji ajue atakakoupeleka kabla haujamfikia. Klabu za Vienna nazo zikamtaka Hogan, ikabidi baadhi ya mazoezi yaanze saa kumi na moja unusu alfajiri kabla wachezaji hawajaenda kazini. Kocha yeyote wa Kawangware mwenye vijana wa mjengo kwenye kikosi chake ataielewa ratiba hiyo bila kuelezwa.

Vita vya kwanza vya dunia viliharibu mpango. Hogan, kwa kuwa Mwingereza, alijikuta mateka katika nchi ya adui, na baadaye akahamia Budapest kufundisha klabu ya MTK. Meisl alivaa gwanda, akapigana, akarudi akiwa afisa mwenye nishani. Mwaka 1919 akaichukua tena timu ya taifa na hakuiachilia hadi kifo chake. Pia alikuwa na mkono katika uongozi wa klabu ya Wiener Amateure.

Hapa inafaa tuingie mitaani, kwa maana barua peke yake haifungi bao.

Kusini mwa Vienna kuna mtaa unaoitwa Favoriten. Mwishoni mwa karne ya 19 maelfu ya watu kutoka Bohemia na Moravia walimiminika huko kufanya kazi kwenye viwanda vya matofali. Waliishi kwa kubanana, wakazungumza Kicheki nyumbani na Kijerumani kazini, na wenye mji waliwadharau. Miongoni mwao alikuwa fundi wa ujenzi aliyetoka kijiji cha Kozlov na mwanawe Matthias Sindelar, aliyezaliwa mwaka 1903. Baba aliuawa vitani mwaka 1917. Mtoto alijifunzia mpira barabarani, kwa mpira wa matambara yaliyofungwa kamba. Waliokua Gatina au Lindi wanaujua mpira huo, ingawa wetu ulikuwa wa majuala, hadi serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Tangu hapo watoto wamerudia vitambaa na sponji za magodoro, na sijasikia mtu yeyote katika wizara akiwapa pole.

Mpira wa matambara haudundi vizuri. Unamlazimisha mtoto kuuweka karibu na mguu, na uchochoro mwembamba unamlazimisha afikiri haraka. Sindelar alikuwa mwembamba kiasi kwamba walimwita Mtu wa Karatasi, na goti lake lilikuwa limeshapasuliwa, hivyo aliogopa kugongana na mabeki. Akajifunza kuwapita bila kuguswa. Mwaka 1924 alijiunga na Amateure, klabu ya Meisl. Ungedhani wawili hao wangependana tangu siku ya kwanza. La hasha. Baada ya kipigo cha mabao 5-0 mjini Nuremberg Januari 1929, kwenye uwanja wenye theluji, Meisl alimweka Sindelar nje ya timu ya taifa kwa muda mrefu. Inadaiwa kosa lake lilikuwa kupenda mno pasi fupifupi katika hali ambayo haikuzifaa. Kocha aliyeleta pasi fupi nchini alimwadhibu mchezaji kwa pasi fupi! Hilo ni la kukumbuka kila tunaposimuliwa habari za makocha wenye falsafa.

Vienna ilikuwa na mikahawa ambako mambo yote ya mpira yaliamuliwa, na mkuu wa mikahawa hiyo ulikuwa Ring Café. Kwetu kibandani kwa mama chapati, au pale vijana wa bodaboda wanaposubiri wateja, mjadala huishia hapohapo. Kule kocha wa taifa mwenyewe alikuwa anaketi mezani, kofia yake ya duara kando, bakora mkononi, akiwasikiliza waandishi wa habari na mashabiki wakimweleza alivyokosea. Simulizi maarufu ni kwamba Mei 1931 walimkalia kooni hadi akachoka, akawatupia karatasi yenye majina ya kikosi wanachokitaka, Sindelar akiwa katikati, kisha akatoka. Kama ilitokea hivyo hasa au waandishi waliipaka rangi, matokeo yako kwenye kumbukumbu. Tarehe 16 Mei 1931, kwenye uwanja wa Hohe Warte, Austria iliipiga Scotland 5-0. Haikuwa imewahi kutokea kabla ya hapo timu kutoka nje ya Visiwa vya Uingereza kuishinda Scotland. Haki itendeke: Waskoti hawakuja na wachezaji wa Rangers wala Celtic. Lakini siku nane baadaye Ujerumani ilifungwa 6-0 nyumbani kwake Berlin, na Septemba ikafungwa tena 5-0 Vienna. Uswisi ikala manane. Hungary nayo ikala manane, mwezi Aprili 1932, na Sindelar alikuwa kila mahali. Magazeti yakaibatiza Timu ya Ajabu.

Desemba 7, 1932, walikwenda London, Stamford Bridge. Meisl alimwita tena Hogan amsaidie kuiandaa timu. Hadi mapumziko walikuwa nyuma 2-0, wakaamka, na mechi ikaisha 4-3 kwa faida ya Uingereza. Walishindwa, lakini Waingereza walirudi nyumbani wakiulizana maswali. Wao wakati huo walichagua kikosi kwa kamati ya wazee, kila mzee na kijana wake wa kumpigia debe, na wangeendelea kufanya hivyo kwa miaka mingine thelathini. Meisl alichagua peke yake. Ushauri aliusikiliza pale mkahawani, tena mwingi, ila kalamu ilikuwa moja.

Huwa nawaambia watu kwamba kazi zake kubwa kuliko zote hazikuwa na mabao ndani yake. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 kila klabu ya Vienna ilikuwa inalipa wachezaji kwa siri huku ikijidai kwamba ni ya ridhaa. Mchezaji alipewa bahasha chini ya meza, au kazi ya duka ambayo hakuifanya. Meisl alikuwa mstari wa mbele kutaka unafiki huo uishe, na mwaka 1924 Austria ikawa nchi ya kwanza barani Ulaya, ukiondoa Uingereza, kuwa na ligi ya malipo. Klabu yake ya Amateure ikabaki na jina la ridhaa huku inalipa mishahara hadharani, mpaka mwaka 1926 ilipobadilisha jina na kuitwa Austria. Bingwa wa kwanza wa ligi hiyo mpya, mwaka 1925, alikuwa Hakoah, klabu ya Wayahudi wa Vienna.

Mishahara ilihitaji mapato, na mapato yalihitaji mechi kubwa zaidi ya zile za mtaani. Ndipo akaanza kuandika barua Prague, Budapest na Roma, kwa lugha za wenyewe. Mwaka 1927 kukazaliwa Kombe la Mitropa la klabu, la nyumbani na ugenini, ambalo Sparta ya Prague ililichukua kwanza kwa kuishinda Rapid ya Vienna, pamoja na shindano la timu za taifa za Ulaya ya Kati. Wanaoshangilia Ligi ya Mabingwa kwenye mabanda ya video ya Kibera wanakunywa maji ya kisima ambacho karani huyo alishiriki kukichimba.

Ila tusijidharau. Mwaka mmoja kabla ya mashindano hayo, mwaka 1926, Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha kucheza Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengeneza sabuni waliolidhamini. Mechi ya kwanza Nairobi iliisha sare, Kenya ikashinda marudio. Tanganyika ikaingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo ndilo lililozaa mashindano ya CECAFA, makongwe kuliko yote barani Afrika. Tofauti ni nani aliyeishika kalamu. Waafrika walivuja jasho uwanjani, na wakoloni wakasimamia ofisi, ratiba na pesa. Uhuru ulipokuja tulirithi wachezaji wazuri sana pamoja na viti vya ofisini ambavyo kila mtu alivitamani.

Tumevichezea viti hivyo. Kenneth Matiba aliongoza shirikisho kuanzia 1974 hadi 1978 kwa nidhamu ya meneja wa kampuni, na wazee wa mpira bado wanamtaja. Baada ya hapo orodha inachosha. FIFA iliisimamisha Kenya mwaka 2004, ikaisimamisha tena mwaka 2006, na Februari 2022 ikaisimamisha mara ya tatu baada ya serikali kulivunja shirikisho. Kifungo hicho kiliondolewa Novemba mwaka huohuo. Kwa kijana wa Kawangware, afisa wa mpira ni mtu wa suti anayeonekana kwenye habari akitoka mahakamani au akielekea uwanja wa ndege. Desemba 2024 Hussein Mohammed alichaguliwa rais wa shirikisho na McDonald Mariga naibu wake. Mariga ni kiungo aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010, na Wakibera wanamkumbuka pia kwa uchaguzi mdogo wa ubunge wa Novemba 2019, alipogombea na kushindwa na Imran Okoth. Mchezaji kuingia ofisini si jambo dogo. Ila Meisl anatufundisha kuuliza swali jingine: je, anaandika barua? Anaketi mkahawani kusikiliza anavyotukanwa?

Mfano ulio karibu naye zaidi naupata ndani ya Kibera yenyewe, wala hauhusu timu ya taifa. Mwaka 2002 Abdul Kassim, mwana wa Kibera, alianzisha timu ya mpira ya wasichana. Alikuwa kocha. Muda si mrefu wachezaji wakaanza kukosa mazoezini: mmoja ameacha shule kwa kukosa karo, mwingine ni mjamzito, mwingine kaenda kufanya kazi za nyumbani mtaa wa matajiri. Mfumo gani wa uchezaji ungemrudisha msichana huyo uwanjani? Mwaka 2006 akafungua shule ya upili isiyotoza karo, Kibera Girls Soccer Academy. Kuanzia hapo kazi yake ikawa walimu, madawati, chakula cha mchana, wafadhili na karatasi zisizokwisha. Wapo watakaosema aliacha ukocha. Mimi naona aliufuata ulikompeleka.

Meisl naye aliishi karibu na watu wa kawaida kuliko cheo chake kilivyoruhusu. Makazi yake ya mwisho yalikuwa Karl-Marx-Hof, jengo la zaidi ya kilomita moja lililomalizwa mwaka 1930 na baraza la mji wa Vienna kwa ajili ya wafanyakazi, nyumba karibu 1,400 zenye kodi nafuu, nguo zikifuliwa na watoto wakilelewa humohumo. Mji uliokuwa na Favoriten uliamua kwamba watu wa matofali nao wakae ndani ya matofali. Wakazi wa Soweto Mashariki ya Kibera, walioahidiwa nyumba mpya na kuanza kuhamishiwa Lang'ata mwaka 2009, wana mengi ya kusema kuhusu kodi, foleni na nani aliyepata funguo. Lakini hiyo ni sura nyingine.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali na mwenye kinyongo, na kumweka Sindelar nje kulimpotezea muda ambao timu ile haikuwa nao. Ilipofika Kombe la Dunia la 1934 wachezaji wake walikuwa wamechoka. Italia iliwatoa 1-0 kwenye nusu fainali mjini Milan, katika uwanja uliojaa matope, na Ujerumani ikawanyima hata nafasi ya tatu. Mei 1936 walipata walau kifuta machozi kwa kuwalaza Waingereza 2-1 Vienna. Tarehe 17 Februari 1937 moyo wa Meisl ulisimama akiwa ofisini, kazini, akiwa na umri wa miaka 55.

Mtaani kwetu timu ya mtu mmoja hufa wiki ambayo mtu huyo anahamia Rongai. Ya Meisl haikufa. Oktoba mwaka huohuo Austria iliishinda Latvia 2-1 na kufuzu Kombe la Dunia la 1938 bila yeye: wachezaji wapo, ligi ipo, ratiba ipo, mihuri ipo. Machi 1938 jeshi la Hitler likaingia Vienna na Austria ikafutwa kwenye ramani. Hakoah ikafungwa. Wayahudi wakatimuliwa kwenye klabu zote, na kama Meisl angekuwa hai wangemtimua yeye kwanza. Soka ya malipo ikapigwa marufuku. Baadhi ya wachezaji walitiwa kwenye jezi ya Ujerumani. Sindelar hakuivaa, na Januari 1939 alikutwa amekufa chumbani kwa gesi, yeye na mwenzake wa kike. Mechi ya kwanza ya Austria katika Kombe la Dunia ilikuwa imepangwa kuchezwa Lyon, Ufaransa, dhidi ya Sweden. Timu moja ikakosekana. Sweden ikaingia robo fainali kwa walkova.